Jaribio la RAM ya nje lisilokudanganya kwenye 8051

Amri zenyewe ni chache. Kwenye 8051, kidhibiti kidogo (microcontroller) cha biti 8, RAM ya nje hufikiwa kwa amri ya MOVX tu: weka anwani kwenye DPTR, rejista ya biti 16, kisha MOVX A,@DPTR husoma na MOVX @DPTR,A huandika. Kila baiti lazima ipitie rejista A.

Kilichonipotezea siku tatu hakikuwa kwenye programu. Port 0, yaani pini nane za 8051, hubeba vitu viwili kwa zamu: kwanza biti 8 za chini za anwani, halafu data. Ishara ya ALE (Address Latch Enable) inaposhuka, chipu ya 74HC373 huzishika biti hizo za anwani ili njia ibaki huru kwa data. Mimi nilichomeka 74HC374. Pini zimepangwa sawasawa, inakaa vizuri kabisa, lakini hiyo hushika ALE inapopanda, wakati anwani bado haijatoka.

Na jaribio langu lilipita! Nilikuwa naandika 55h (h ni heksadesimali) kwenye seli, naisoma papo hapo, nahamia inayofuata. Hata kama anwani zote zingeangukia seli moja, ningesoma 55h tu. Niligundua baadaye, nilipohifadhi vipimo vya kihisio vikarudi vimevurugika.

Kwa hiyo usijaribu RAM kwa thamani moja. Jaza chipu nzima kwanza, kila seli na thamani inayotokana na anwani yake. Kwa chipu ya RAM ya 62256 yenye KB 32 (DPL na DPH ni baiti ya chini na ya juu ya DPTR, XRL ni XOR):

    MOV DPTR,#0
JAZA: MOV A,DPL
    XRL A,DPH
    MOVX @DPTR,A
    INC DPTR
    MOV A,DPH
    CJNE A,#80h,JAZA

Ukishamaliza, rudi mwanzo, soma na ulinganishe. Waya mmoja wa anwani ukiwa umekatika, utaonekana hapo hapo. Usiunganishe hatua hizi mbili kuwa moja. Nguvu yote ya jaribio iko kwenye kuzitenganisha.

Ukitumia MOVX A,@R0, kumbuka R0, rejista ya biti 8, hutoa biti 8 za chini tu. Za juu ni chochote kilichoachwa kwenye P2 (Port 2, inayobeba nusu ya juu ya anwani).

DPTR nayo ni moja tu kwenye 8051 ya asili. Kama interapti yako (kipande cha programu kinachokatiza programu kuu) inaigusa, anza na PUSH DPL na PUSH DPH, na kabla ya RETI zirudishe kinyume: POP DPH kwanza, kisha POP DPL.