Feni Haizunguki? Wadogo Zangu, Pimeni Ikiwa na Mzigo

Juzi hapa gereji nimemkuta kijana anavalisha rilei (swichi ya umeme ya feni) ya tatu kwenye kempa, gari la kulala safarini, ya mgeni, na mita ya kupimia umeme iko mfukoni mwake. Nilimnyang'anya bisibisi. Nawapenda nyote, lakini kosa hili nimelifanya kabla yenu na najua linavyouma.

1. Anza na AC. Gari nyingi ukiwasha AC, feni ya redieta huwaka. Ikizunguka, mota na athi (njia ya kurudisha umeme kwenye hasi ya betri) ni nzima, nenda upande wa sensa. Chomoa soketi ya sensa ya joto: kompyuta ya gari nyingi za kisasa huwasha feni yenyewe kwa kujihami. Omu (ukinzani) za sensa hushuka maji yanapopata moto. Zikikaa pale pale, sensa imekufa.

2. Namba za pini za rilei: 30 ni moto wa betri, 87 unakwenda kwenye feni, 85 na 86 ni koili ya kuiwasha. Unganisha 30 na 87 kwa waya mnene. Feni ikizunguka, mota isiguswe tena.

3. Volti bila mzigo, yaani feni ikiwa haivuti umeme, ni uongo. Hili nililipia, na wateja wangu wakalipia zaidi.

Ilikuwa kempa ya Fiat Ducato, mume na mke na mtoto wao mdogo, wametoka Watamu wanakwenda Tsavo. Feni haizunguki. Nikachomoa plagi ya feni, nikapima: volti 12 na pointi. Nikamwambia yule baba moto unafika, mota imekufa. Alinipa pesa bila kubisha. Walingoja siku tisa mota ije kutoka Mombasa, mtoto anacheza mchangani nje ya gereji. Mota mpya ikafika, nikafunga, kimya.

Badala ya kurudi kwenye mita, nikaona haya. Nikapiga dairekti: waya mbili za milimita moja na nusu, zile za kufungia taa za nyumba, kutoka betri ya ndani ya kempa hadi kwenye feni, na swichi pembeni. Feni ikazunguka, nikawaaga. Lau ningepeleka waya mmoja mmoja, ule wa athi peke yake ungeniambia ugonjwa uko wapi.

Feni ile inakula ampea zaidi ya 20. Walipokuwa barabara ya Sala, ile ya kuingilia Tsavo, jua la saa saba, waya ukayeyuka ganda, feni ikasimama, injini ikachemka. Gasketi ya hedi ikaungua. Nilipofika na gari la kuvuta, yule mama alikuwa amemkalisha mtoto kwenye kivuli cha kempa, anampepea kwa kofia. Hakunigombeza. Mpaka leo ningependa angenigombeza.

Jioni ile nilirudisha plagi, nikaacha feni ikiwa imeunganishwa, nikaunganisha 30 na 87, nikapima toka waya wa athi wa mota hadi hasi ya betri. Volti 8! Haifai kuzidi nusu volti. Nati ya athi nyuma ya taa ya kushoto ilikuwa kijani tupu, imeliwa na chumvi. Mita haivuti umeme wowote wa maana, kwa hiyo hata athi iliyobaki uzi mmoja huionesha 12. Feni ikivuta, nyingi hupotelea kwenye kutu. Ile mota ya zamani niliiweka mezani ikazunguka vizuri kabisa. Gasketi niliifunga kwa pesa yangu. Siku zao sikuwa na cha kuzilipia.

Hapa kwetu Malindi, gari likikaa ufukoni msimu mmoja tu, fungua athi zote, kwangua hadi chuma king'ae, kaza, halafu paka grisi juu.

4. Kempa ina betri mbili. Feni ni ya betri ya injini. Waya wowote uliofungwa na fundi mwingine, ufuate hadi mwisho kabla hujaukata.

5. Mkono nje ya feni hata swichi ikiwa imezimwa. Maji yakiwa moto inaweza kuwaka yenyewe.