Tozo ya miundombinu: kwa nini 100 imekuwa 114

Dada, umeuliza kwa nini halmashauri yenu huko Uingereza inakudai tozo ya miundombinu, ile inayotozwa majengo mapya, ya pauni 114 na ushei kwa mita ya mraba, ilhali jedwali lao lililoanza 2020 linasema 100. Hujapunjwa. Tozo ile hufuata fahirisi ya gharama za ujenzi, yaani namba inayoonyesha gharama zilivyopanda au kushuka mwaka hadi mwaka, inayotolewa na RICS, chama cha wapima majengo. Mwaka 2020 ilikuwa 334. 2024, ulipopata kibali cha ujenzi, 381. Zidisha 100 kwa 381, gawanya kwa 334: 114.07. Kwa nyumba yako ya mita za mraba 120 ni kama pauni 13,689 badala ya 12,000. Inauma, najua.

Kinachohesabiwa ni mwaka wa kibali, si siku ya kuchimba msingi, kwa hiyo usiwakimbize mafundi ukihofia fahirisi mpya ya Januari. Ukiomba kibali kipya, hapo hesabu inabadilika.

Mimi ningehangaikia jingine: nyumba si utaishi mwenyewe? Basi omba msamaha wa tozo hii kwa anayejijengea. Na usiruhusu koleo liguse udongo kabla hawajakujibu kwa maandishi. Ukitangulia, msamaha umekwenda, na hizo 13,689 utazilipa zote.