Lenzi pana ya f/2.8 kwa filamu ya 120: nunua kwa ajili ya fokasi

Aliyezoea kamera za milimita 35 akihamia filamu ya 120, ambayo ni pana zaidi, hutafuta lenzi pana (inayoona eneo kubwa) ya f/1.4; kadiri namba ya f inavyokuwa ndogo, ndivyo lenzi inavyoingiza mwanga mwingi. Haipo. Kioo kinachoinuka ndani ya kamera kinahitaji nafasi, kwa hiyo lenzi pana lazima ikae mbali na filamu kuliko inavyotaka yenyewe. Hapo lenzi huongezewa vioo vyake, uzito na bei. Kwenye kamera ya Hasselblad 500, shata (kifungua mwanga) imo ndani ya lenzi na inabana zaidi: lenzi yake pana, Distagon ya 50mm, inaishia f/4.

Mimi natumia Mamiya 645, kamera ya filamu ya 120 ambayo ina lenzi mbili pana za Sekor za f/2.8: 45mm, inayoona kama 28mm ya filamu ya milimita 35, na 55mm, inayokaribia 35mm. Kama unapiga watu, chukua 55mm. Ile 45mm huvuta nyuso zilizo pembeni mwa picha, na hakuna bibi harusi atakayekushukuru.

Kutoka f/4 hadi f/2.8 mwanga unaongezeka maradufu: 1/30 ya sekunde inakuwa 1/60, na kwa kamera nzito inayotikiswa na kioo chake, hiyo ni tofauti kubwa ukiwa umeishika mkononi. Lakini faida ninayoithamini zaidi ni ya kabla ya kubonyeza. Unapotazama, lenzi iko wazi kabisa. Sebuleni jioni, f/2.8 hukuonyesha wazi kama jicho la unayempiga limekaa kwenye fokasi, yaani linaonekana kwa ukali, au bado. Kwa lenzi pana, ambayo fokasi yake ni ngumu kuiona, hilo pekee linatosha kunifanya nilipe. Nikishapata fokasi, mara nyingi napiga kwa f/5.6, maana kwa f/2.8 kona za picha hupoteza ukali, na uso ulio umbali wa mita 1 hupata kina cha fokasi cha takriban sentimita 10 tu.

Utanunua iliyotumika, kwa hiyo nenda na kurunzi. Mulika kupitia nyuma: kuvu huonekana kama utando wa buibui, na kwa unyevu wa mwambao wetu itaendelea kukua. Weka swichi ya A/M iliyo kwenye lenzi kwenye M, zungusha pete ya apacha (tundu la mwanga), uone kama visu vya tundu hilo vinafunga upesi na havina mafuta.

Anayepiga mandhari kwa tripodi na f/11 achukue Sekor ya 35mm f/3.5. Atapata upana zaidi, na ile f/2.8 asingeihitaji.