Dada uliyeniuliza kuhusu kupasuliwa tumbo juu ya unene, jibu langu ndilo hili

Dada mmoja wa Katuba ameniandikia inboksi wiki hii: "Yaya, niko na kilo 118, urefu 1 m 60, sukari imenishika, tansio pia. Munganga anasema nifikirie kupasuliwa tumbo lipunguzwe, lakini bwana yangu anasema ni uvivu tu, nifunge mdomo. Wewe ulifanya, niambie ukweli. Na mtoto, nitaweza kuzaa nyuma yake?" Nimesoma nikakaa kwanza, juu hilo neno uvivu najua vile linachoma.

Mimi nilikuwa na 131, urefu 1 m 64. Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu mara urefu, ndiyo ile waganga wanaita IMC. Yangu ilikuwa 48 na kitu, yako dada ni 46. Kuanzia 30 ni maladi ya unene, kuanzia 40 ni ile kali kabisa. Tangu 1991 kanuni ya Marekani ya nani apasuliwe ilikuwa 40, ao 35 kama uko na maladi ingine pamoja, na mu 2022 vyama vya waganga wa upasuaji huu vikashusha mpaka 35 hata bila maladi ingine. Kwa hiyo asikuambie mtu kama unatafuta urembo. Wewe ni mgonjwa na hii ni matibabu.

Na kufunga mdomo nilifunga. Nilifunga na kanisa, nilikunywa malimau asubuhi, nilikunywa majani machungu ya mama mmoja wa sokoni, kilo zinashuka kidogo kisha zinarudi na wenzake. Mwili ukipungua unapigana, njaa inapanda, na nguvu unayochoma inapungua, hiyo siyo tabia mbaya ya mtu, ni mwili unavyofanya kazi. Lakini nani aliniambia hivyo wakati ule? Kliniki moja ya hapa mjini mzani wao uliishia 120, muuguzi akanituma mbele ya watu wote nikapimwe ku depo ya unga ng'ambo ya barabara, ku mzani wa mifuko. Nilipanda. Vijana wa kubeba mifuko walisimamisha kazi wakiangalia namba. Mpaka leo nikipita pale nageuza uso.

Mambo ya visa na feza nitayaruka, nilienda India, nikapasuliwa aina ile ya slivu. Wanaingia na vitobo vidogo, wanakata karibu robo tatu ya tumbo, ule mfuko wa chakula, ao zaidi na kuitoa kabisa, hairudi, unabakia na mrija mwembamba kama ndizi. Sehemu inayotoka ndiyo inatengeneza sana homoni ya njaa, grelini, ndiyo maana njaa yenyewe inatulia, siyo nafasi peke yake. Kuna ingine, baipasi, wanatengeneza kifuko kidogo juu na kukiunga na utumbo chini zaidi. Kama kiungulia kinakutesa tayari, mwambie munganga mapema, juu slivu inaweza kukizidisha na baipasi mara nyingi inafaa zaidi.

Sasa kitu ambacho hakuna mtu alinitayarishia. Ni watu.

Ukishapasuliwa, kwanza ni maji maji tu, supu, kisha vitu vya kusagwa, kisha laini, bukari inakuja nyuma kabisa na kwa tonge ndogo sana. Nilienda matanga ya mjomba wangu kilo zimeshuka sana, nywele zinatoka (inatokea miezi ya kwanza, kisha zinarudi), wakaleta sahani ya bukari na sombe, nikachukua tonge la ukubwa wa kidole gumba, nikatafuna polepole, nikaacha. Mama wawili nyuma yangu wakanong'ona: "Ni sida ile. Bwana yake naye amekonda." Nilisikia kila neno. Mimi, ambaye sukari yangu ilikuwa imeshuka mpaka munganga akapunguza dawa, mimi ambaye nilikuwa ninalala usiku mzima bila pumzi kukatika, nikaonekana mgonjwa siku ile nilipokuwa mzima kuliko miaka yote! Hapa kwetu mwili mnene ni heshima ya bwana, ukipungua wanakuzika ungali hai.

Kwa hiyo dada, mbele ya kuuliza bei ya kupasuliwa, uliza bei ya nyuma. Vitamini ni za maisha yote, B12, chuma, kalsiamu, vitamini D, na damu kupimwa kila mwaka, mwaka wa kwanza mara nyingi zaidi. Nani atakufuatilia huku Lubumbashi ukisharudi? Tafuta huyo munganga kwanza, kabla ya tiketi. Protini inaanza ku sahani, mayai, ndakala, maharagi, bukari inafuata. Diklofenaki na ibuprofeni za kununua ovyo ku farmasi achana nazo, hasa ukifanya baipasi, zinaleta vidonda. Hatari iko pia, mshono kuvuja, damu kuganda ku miguu, na watu wanakufa hata kama ni wachache sana pale waganga wana uzoefu. Na kilo zinaweza kurudi ukirudia soda na mikate. Nasema tena, nani atakufuatilia? Usinijibu mimi, jibu mwenyewe na bwana yako mkiwa mmekaa.

Huyo bwana mpeleke kwa munganga asikie kwa masikio yake, ile neno uvivu alisemee pale.

Na umeniuliza mwishoni kuhusu mtoto. Kilo zikishuka mimba inaweza kuingia hata kwa mwanamke aliyengoja miaka, lakini wanaomba usubiri mwaka 1 mpaka mwaka 1 na nusu, juu mwili bado unapungua na mtoto atakosa chakula. Na vidonge vya kuzuia mimba vinaweza kukosa nguvu nyuma ya baipasi, omba njia ingine, ya sindano ao ya kijiti ku mkono, na uiombe mbele ya kupasuliwa.