Kozi za bure bila bando: nini unaweza kunakili, na uiweke vipi shuleni

SWALI: Nafundisha Tehama sekondari, intaneti yetu ni ya kubahatisha. Nina kompyuta mpakato moja, ruta na tableti 30 za Android. Naweza kupakua kozi za bure za Coursera wanafunzi wakazisoma bila bando?

JIBU: Mwalimu, Coursera iache. Kukuruhusu kutazama bure si kukuruhusu kunakili na kugawa. Tafuta maudhui yenye leseni ya Creative Commons, yaani leseni ambayo mwenye kazi hukuruhusu kunakili na kugawa kwa masharti. Ya Khan Academy (tovuti ya masomo ya bure) na ya OpenCourseWare (kozi za wazi za chuo kikuu cha MIT, Marekani) kwa kawaida ni BY-NC-SA: utamtaja mwenye kazi, hutaiuza, na ukiibadilisha utaitoa kwa leseni ileile. Kwa hiyo hata kuuza flashi zenye video hizo hairuhusiwi.

Programu inayokufaa ni Kolibri ya Learning Equality, ambayo huhifadhi masomo kwenye kompyuta yako na kuyagawa kwa vifaa vingine bila intaneti, nayo ni ya bure. Isakinishe penye intaneti nzuri, kisha ingiza mada unazozihitaji tu. Usivute chaneli nzima ya Khan Academy ya Kiingereza. Inakula makumi ya GB. Ukirudi shuleni, unganisha kompyuta na tableti kwenye ruta ileile (haihitaji intaneti), soma anwani ya IP (namba inayoitambulisha kompyuta kwenye mtandao) kwa amri ya ipconfig ya Windows, na wanafunzi waandike kwenye kivinjari kitu kama http://192.168.0.10:8080.

Hapo ndipo matatizo huanza, na mengi hayatoki kwenye Kolibri. Jana ilifunguka, leo haifunguki: ruta imeipa kompyuta anwani nyingine. Ingia kwenye mipangilio ya DHCP ya ruta (sehemu inayogawa anwani kwa vifaa) uitengee anwani moja ya kudumu. Ikifunguka kwenye kompyuta yako lakini si kwenye tableti, kinga ya mtandao ya Windows huenda imezuia mlango (port) 8080 ambao Kolibri hupitia; weka mtandao huo kuwa wa binafsi na uiruhusu Kolibri. Tableti zikijiondoa zenyewe, ni kwa sababu Android imeona waifai haina intaneti: chagua kubaki umeunganishwa, na zima data ya simu kama kuna laini. Zuia pia kompyuta isilale, maana ikilala darasa zima linakatika.

Video 30 kwa pamoja, kila moja ikivuta kilobiti 500 kwa sekunde, ni megabiti 15. Kwenye karatasi ni kidogo, ila ruta ya bei nafuu yenye vifaa 30 hukwama. Wagawe: nusu watazame, nusu wafanye mazoezi, ambayo huvuta data kidogo sana.

Kazi kubwa kuliko zote ni kufuata muhtasari wa somo (silabasi). Masomo ya Khan Academy yamepangwa kwa mfumo wa Marekani. Ukiwaachia wanafunzi wachague, watapotea. Ingia kama msimamizi (admin) ufungue darasa, kisha kwenye sehemu ya mwalimu tengeneza somo kwa kila mada ya muhtasari wako na uweke humo video mbili au tatu na zoezi moja. Wanafunzi wakiwa na akaunti, utaona nani amekwama kwenye swali lipi.