Muulize Fundi: Kengele inatetema usiku, mlangoni hakuna mtu

SWALI: Shikamoo Fundi. Mama mkwe wangu masikio yamepungua sana, mgeni anaweza akapiga hodi mpaka akachoka akaondoka na mama yuko ndani. Shemeji yangu anaishi Marekani, mwezi uliopita kaja na seti ya vile vifaa vya kumulika taa mtu akibonyeza kengele. Kuna batani ya mlangoni, boksi lenye tundu la kuchomekea taa ya mezani, na jingine dogo lina kidude cha kutetema unaweka chini ya godoro. Miguu ya plagi haiingii kwenye soketi zetu tukanunua adapta dukani tukachomeka. Lile la taa limefanya kazi dakika mbili tu likatoa harufu ya plastiki kuungua likafa. Dogo linafanya kazi mpaka leo ila saa nane usiku linatetema mama anaruka kitandani, tukitoka nje hakuna mtu. Sasa anasema kuna vitu vinambishia hodi, hataki hata kuliona. Tufanyeje?
Mkamwana, Chumbageni, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na mpe pole sana mama. Tuanze na lililokufa. Umeme wa majumbani Marekani ni volti 120, wetu ni 230, na hiyo adapta mliyonunua inabadili miguu tu, umeme unapita vilevile ulivyo. Geuza lile boksi usome mgongoni, bila shaka limeandikwa 120V peke yake. Dogo limepona maana litakuwa na chaja iliyoandikwa 100-240V kama ya simu. Hilo lililoungua msilirudishe kwenye soketi hata kama kuna mtu atawaambia amelitengeneza, na shemeji akitaka kuleta jingine asome hayo maandishi kabla hajalipa.

Haya, hao wanaobisha hodi saa nane. Batani ya mlangoni haina waya, inatuma redio, na kengele nyingi za bei nafuu zinatumia masafa yaleyale, kwahiyo jirani akiwa na kengele ya namna hiyo na kodi (ile namba ya siri batani inayotuma) zikagongana, anayebonyezewa ni yeye anayetetemeshwa ni mama yenu. Jaribu hivi: leo usiku toa betri kwenye batani yenu. Kama kidude kitatetema tena basi ni jirani, futeni kumbukumbu ya kipokezi, yaani lile boksi dogo, mliunganishe upya na batani yenu kwa kodi nyingine, kijitabu chake kinaonyesha. Kikinyamaza basi huenda ubovu uko kwenye batani yenyewe, na Tanga kwa ule unyevu wa bahari mi ningeifungua kwanza niangalie kama chuma cha betri kimeota kutu ya kijani. Na mama aonyeshwe hilo jaribio mwenyewe, akiona betri iko mkononi mwake na kitu kinatetema ataelewa kuliko mkimweleza siku nzima.

Ila kuna jambo hujaliuliza na mi naliona ndo kubwa. Watu wetu hawabonyezi kengele! Mtu anafika, anasema hodi, anagonga, anasema hodi tena, batani iko pale pale ukutani wala haioni. Nilimfungia mzee mmoja taa nzuri kabisa, nikarudi baada ya wiki ananiambia haijawahi kuwaka hata siku moja, kumbe wageni wote wanapitia mlango wa uani. Kwahiyo bandikeni batani kwenye mlango unaotumika kweli, pale mkono wa mgeni unapogonga, na juu yake andikeni kwa herufi kubwa BONYEZA HAPA, HODI HAISIKIKI.

Halafu mama mchana anakaa wapi? Kama yuko uani juu ya mbuzi anakuna nazi, jua la saa sita limewaka na ameipa nyumba mgongo, taa ya sebuleni hata ingekuwa ya mnara wa meli haioni. Mtafutieni kipokezi cha betri cha kutetema, kile kidogo cha kubana kiunoni au kufunga kwenye pindo la kanga. Na huko chumbani msikiondoe cha godoroni mkaweka taa peke yake, mtu aliyelala fofofo taa peke yake mara nyingi haimwamshi.

Mwisho chomoa chaja ukutani kisha bonyeza batani. Kimya? Basi siku LUKU ikiisha mama yuko peke yake, tafuteni chenye betri ya akiba.

SWALI: Mimi na mke wangu wote ni viziwi, mtoto ana miezi minne. Simu inaweza kutuambia akilia?
Baba kijana, Likoni

JIBU: Inaweza. iPhone wanayo tangu iOS 14 ya mwaka 2020, na simu nyingi za Android pia, ingia kwenye setingi sehemu ya ufikivu (Accessibility) utafute utambuzi wa sauti, chagua kilio cha mtoto. Ila isiwe ndo tegemeo lenu, Apple wenyewe wanaonya usiitegemee kwenye hatari, simu ikiisha chaji au ikilaliwa na mto imekwisha kazi. Bora mnunue kile kifaa cha kunasa kilio cha mtoto chenye kidude cha kutetema chini ya godoro, simu iwe ya pili.

SWALI: Nimeona king'ora cha moshi chenye taa. Mama yangu hasikii vizuri, na tunapikia mkaa. Kitafaa?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Kitafaa, ila kisifungwe jikoni kwenyewe, kitapiga kelele kila mkiwasha jiko na wiki ya pili mtakitoa betri. Kifungeni ukumbini karibu na chumba chake. Angalieni pia mlio: king'ora cha kawaida kinalia kwenye hezi (kipimo cha wembamba wa sauti) 3,000 hivi, sauti nyembamba, na masikio ya uzee hupoteza hizo nyembamba kwanza, ndo maana kuna vinavyolia hezi 520, mlio mzito, Marekani wanavifunga vyumba vya kulala. Na king'ora cha moshi hakinusi hewa ya sumu ya mkaa, ile ina kipimo chake tofauti, kwahiyo jiko la mkaa lisilale ndani hata kama kuna baridi na taa yenu ni mpya.