Jinale, mkeo, na huyo "wako" wa pili

Swali: Mwanangu wa darasa la sita aliandika kwenye insha, "Paka wetu jinale Simba." Mwalimu akalizungushia jinale wino mwekundu, akaandika pembeni "jina lake". Neno hilo mtoto kalitoa kwa bibi yake. Nani kakosea? (Mama, Tanga)

Jibu: Mama, bibi hajakosea na mjukuu hajakosea. Jinale ni "jina lake" iliyobanwa: lake imesinyaa ikabaki le, ikagandamana na nomino. Kwa njia hiyohiyo ndugu yake akawa nduguye, mwana wake mwanawe, moyo wake moyowe. Ukisema na mtu ana kwa ana, mwisho ni o: jinalo, nduguyo, mwanao. Askofu Edward Steere, mmisionari Mwingereza, aliyakuta maumbo haya Unguja, akayaeleza katika kitabu chake cha Kiswahili cha 1870. Washairi nao hawajayaacha hadi leo, maana yanawaokolea mizani, yaani silabi za mstari: jinale ni mizani tatu, jina lake nne. Kwenye insha ya sasa jinale linanukia ukale kidogo, na nadhani hilo ndilo lililomshtua mwalimu. Ukale si kosa. Alama ya mtoto irudishwe.

Ila huyo mwalimu, kama bado ana wino, nina pa kuupeleka.

Juzi nimeletewa kadi ya harusi. Karatasi ya kung'aa, maandishi ya dhahabu, utepe juu. Chini kabisa: "Karibu wewe na mkeo wako." Nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Mkeo wako! Jamani, mkeo ni mke wako. Ile o ya mwisho ndiyo wako mwenyewe, kajikunyata tu. Ukimletea wako mwingine unapata "mke wako wako", kama mtu anayegombania kiti kwenye daladala. Nikampa kadi mwenye nyumba wangu aisome. Akaniangalia: "Kwani kuna mkeo asiye wako?" Nikaona mazungumzo yanaelekea pabaya, nikatoka kwenda kumwagilia mchicha.

Na mwandishi wa kadi ana nafuu. Redioni nimesikia kwa masikio yangu: "Marehemu ameacha mkewe wake na watoto wanne." Aliyechelewa kuwasha redio atashika nini? Mkewe, halafu wake? Wake wangapi? Kwa maana wake ni wingi wa mke pia, na mtangazaji, bila kukusudia, kashawaanzishia watu ugomvi wa mirathi kabla matanga hayajaanuliwa. Angesema mkewe, ingetosha. Angesema mke wake, ingetosha pia. Alitaka vyote viwili.

Najua yanakotoka haya. Mkewe, mumeo, mwenzake, yamezoeleka hadi masikio hayausikii tena mshono. Mtu anadhani nguo haijashonwa, anaishona tena juu kwa juu. Lakini hebu msikilize yeyote anayesema, "Mwenzio akinyolewa, zako tia maji." Umewahi kusikia "mwenzio wako akinyolewa"? Wahenga walikuwa na zako moja tu, wakaipeleka kwenye nywele, inakostahili.

Wapo wanaonishinikiza nizipige marufuku babake na mamake zinazosikika sana Mombasa na Nairobi. Sizipigi. Ni "baba yake" iliyodondosha ya njiani, na kitendo hicho ni kilekile kilichotupa mwenzake, ambaye hakuna anayemlalamikia. Atakayeandika "babake yake", huyo tutakutana. Ama "wake wao" badala ya "wake zao", nilipigana nayo miaka mingi. Siku hizi nikiiona gazetini nashusha pumzi tu, nageuza ukurasa.

Harusini tulikwenda, mimi na mke wangu. Namwandika kwa kirefu, na si kwa heshima pekee: kwa nafsi ya kwanza mke hakubali kubanwa. Mwanangu yupo, mwenzangu yupo, lakini mkengu sijamsikia mtu akimtaja.